GHIYATH AL-DIN AL-KASHI: MTU WA HESABU ALIYEHESABU PANDE 805,306,368

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu watukufu, mara nyingi katika kurasa kama hizi husomwa maisha ya maimamu wa fiqhi, wapokezi wa hadithi na mashujaa wa Uislamu. Safari hii tumemchagua mtu wa namna nyingine. Hakuwa mfasiri wa Qur'ani wala mpokezi wa hadithi. Alikuwa tabibu, mwanafalaki na mtu wa hesabu.

Tumemchagua kwa sababu ya swali moja ambalo sisi walimu huulizwa darasani kila mwaka: Ustadh, hesabu inamfaa nini mwanafunzi wa madrasa? Nyuma ya swali hilo kuna mazoea ya baadhi yetu watu wazima. Tumeigawa elimu mafungu mawili, fungu la akhera na fungu la dunia, na mtoto ameelewa kwamba lile fungu la pili halina thawabu hata akilifanya ovyo. Akikosea herufi moja ya Qur'ani tunamsahihisha hapo hapo, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini akikosea hesabu tunasema si neno. Maisha ya mtu huyu yanatuonyesha Waislamu waliotutangulia waliichukuliaje hesabu.

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Jina lake ni Ghiyath al-Din Jamshid bin Mas'ud bin Mahmud al-Kashi. Wengine humwita al-Kashani, kwa kunasibishwa na mji wa Kashan, uliomo katika nchi ya Iran ya leo. Alizaliwa hapo karibu na mwaka 1380 Miladia, katika karne ya nane ya Hijria.

Ulikuwa wakati mgumu. Timur, ambaye Wazungu humwita Tamerlane, alikuwa akizipiga nchi moja baada ya nyingine, na watu wa Iran waliona vita, njaa na umaskini. Timur alifariki mwaka 1405, na baadaye mwanawe Shahrukh alipotawala mambo yakaanza kutulia. Al-Kashi alijifunza utabibu, na kwa hiyo jina lake huandikwa pamoja na lakabu ya al-Tabib. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyota na hesabu.

Tukio la kwanza la maisha yake tunalolijua kwa tarehe ni la usiku wa tarehe 2 Juni 1406. Usiku huo mwezi ulipatwa, na al-Kashi akauangalia na kuupima akiwa Kashan. Hakuishia hapo, aliangalia kupatwa kwa mwezi mara tatu kwa muda usiozidi miaka miwili. Mwezi unapopatwa sisi tumefundishwa kusimama kuswali. Mtu wa falaki ana kazi nyingine ya kuongeza juu yake: kuandika saa, kupima urefu wa mwezi angani, na kulinganisha aliyoyaona na yaliyoandikwa na waliomtangulia.

Mwaka 1407 alimaliza kitabu chake kiitwacho Sullam al-Sama', maana yake Ngazi ya Mbingu, kinachoeleza ukubwa na umbali wa jua, mwezi na sayari. Kisha akaandika Zij-i Khaqani, kitabu cha majedwali ya falaki cha kusahihisha majedwali ya mwanachuoni mkubwa Nasir al-Din al-Tusi. Mwaka 1416 alikwisha buni chombo cha kuonyesha mahali zilipo sayari bila ya mtu kupitia hesabu ndefu.

Kazi zote hizo alizifanya akiwa mtu asiye na mali. Wakati ule mwanachuoni hakuwa na mshahara isipokuwa apate mtawala wa kumtegemeza, na al-Kashi alikaa miaka mingi bila ya kituo cha kudumu.

KUITWA SAMARKAND

Katika mji wa Samarkand, uliomo Uzbekistan ya leo, alikuwako mtawala kijana aitwaye Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, aliyezaliwa mwaka 1394. Babu yake alipenda kuteka miji. Yeye alipenda elimu. Baina ya mwaka 1417 na 1420 alijenga madrasa kubwa ambayo imesimama mpaka leo katika uwanja wa Registan. Humo zilisomeshwa elimu za dini, na pamoja nazo hesabu na falaki. Ulugh Beg akawakusanya maulamaa kutoka nchi mbalimbali, na karibu na mwaka 1420 al-Kashi naye akaitwa.

Alipofika alimwandikia baba yake aliyebaki Kashan. Barua mbili kati ya hizo zimehifadhika hadi leo, na kwa hizo tunayajua mambo mengi. Alimweleza baba yake kwamba Ulugh Beg amehifadhi sehemu kubwa ya Qur'ani, na kwamba kila siku husoma juzuu mbili mbele ya mahafidhi. Alimweleza pia kwamba mtawala huyo aliweza kupiga hesabu ngumu ya mahali pa jua kwa kichwa tu, akiwa juu ya farasi. Angalieni, wanafunzi: ni mtu mmoja huyo huyo, asubuhi anasoma juzuu zake na mchana anahesabu mwendo wa jua. Hakuona kwamba kimoja kinakizuia kingine.

Husimuliwa pia kwamba al-Kashi hakuwa hodari wa adabu za ikulu, na kwamba Ulugh Beg alimstahamilia kwa kuwa hakupata mwingine mfano wake katika hesabu.

SWALI LA MDUARA

Sasa tuingie katika kazi iliyomfanya ajulikane duniani. Chukua kifuniko cha sufuria cha mviringo. Pima kwa uzi upana wake kupitia katikati. Huo ni kipenyo. Kisha zungusha uzi kwenye ukingo wake wote. Huo ni mzingo. Utakuta mzingo ni vipenyo vitatu na kipande kidogo. Kifuniko kiwe kidogo au kikubwa, jawabu ni hilo hilo: vitatu na kipande kidogo.

Kipande hicho ni kiasi gani? Swali hili limewashughulisha watu tangu zamani. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Archimedes wa Ugiriki alitumia njia hii: chora ndani ya mduara umbo lenye pande nyingi zilizonyooka, na nje yake umbo jingine. Mzingo wa mduara utakuwa baina ya mizingo ya maumbo hayo mawili. Kadiri pande zinavyokuwa nyingi, ndivyo umbo linavyoukaribia mduara. Archimedes alifika pande 96. Ile 22 juu ya 7 mnayoitumia shuleni inatokana na kazi yake.

Al-Kashi alizipitia kazi za waliomtangulia, wakiwamo Archimedes, Abu al-Wafa na al-Biruni, akaona kwamba kosa lao dogo likipelekwa kwenye miduara mikubwa ya mbinguni huwa kosa kubwa. Basi kabla ya kuanza kuhesabu alijiwekea sharti. Alisema achukuliwe mduara ambao kipenyo chake ni mara 600,000 ya kipenyo cha dunia. Katika mduara mkubwa namna hiyo, kosa la mzingo lisifike unene wa unywele mmoja wa farasi.

Baada ya kuweka sharti hilo akatafuta ni pande ngapi zitakazolitimiza. Aliijua kazi yake mwanzo na mwisho kabla ya kuishika kalamu. Jawabu likawa ni pande 805,306,368.

SIFA ZA NAMBA HII

Namba hii haikuokotwa tu. Al-Kashi alianza na umbo la pande tatu, akalizidisha mara mbili kila hatua. Tatu ikawa 6, kisha 12, 24, 48, na katika hatua ya tano 96, pale aliposimama Archimedes. Al-Kashi hakusimama. Hatua ya kumi ni pande 3,072. Hatua ya ishirini ni 3,145,728. Hatua ya ishirini na nane ni 805,306,368.

Kwa hiyo namba hii ni namba shufwa iliyozaliwa na namba witiri. Igawe nusu, kisha nusu ya nusu, na uendelee hivyo mara 28. Utarudi kwenye 3, na hapo haigawiki tena nusu bila ya kuvunjika. Maneno shufwa na witiri mnayajua vizuri katika swala zenu za usiku.

Namba tasa zinazoigawa ni mbili tu, nazo ni 2 na 3. Haigawanyiki kwa 5, wala kwa 7, wala kwa namba tasa nyingine yoyote. Hata hivyo ina vigawo 58. Unaweza kuvihesabu bila ya kuviandika vyote. Anza na 1, zidisha kwa 2 mara 28, utapata namba 29. Kila moja katika hizo ni kigawo, na kila moja ukiizidisha kwa 3 ni kigawo pia. Mara mbili ya 29 ni 58.

Tena, namba hii si kipeo cha pili cha namba yoyote kamili, lakini theluthi yake ni kipeo cha pili. Theluthi yake ni 268,435,456, nayo ni 16,384 mara 16,384.

Wanafalaki wa zama zile hawakuandika hesabu zao kwa makumi kama sisi, bali kwa masitini, kama tunavyofanya mpaka leo katika saa: sekunde 60 ni dakika, na dakika 60 ni saa. Katika uandishi huo namba yetu huandikwa kwa mafungu sita: 1, 2, 8, 16, 12, 48. Mwenye kupenda na ajaribu mwenyewe kuyarudisha mafungu hayo kwenye namba ya kawaida.

Bila shaka hakuna mtu awezaye kuchora umbo la pande zaidi ya milioni 805. Al-Kashi hakulichora, alilihesabu. Kila hatua katika zile 28 ilimtaka atafute kipeuo cha pili cha namba ndefu sana, na jawabu la hatua moja ndilo lililokuwa mwanzo wa hatua ifuatayo. Zingatieni jambo hili. Akikosea tarakimu moja katika hatua ya tano, basi hatua ishirini na tatu zinazofuata zote zimeharibika, hata kama kazi yake huko ni safi. Wala hakuwa na mashine. Alikuwa na kalamu, wino na karatasi.

MIZANI YA HESABU

Basi alijikinga vipi na makosa? Wanahesabu wa Kiislamu walikuwa na njia waliyoiita mizani, na al-Kashi ameieleza katika vitabu vyake. Mizani iliyo maarufu ni ya tisa. Jumlisha tarakimu za namba, kisha jumlisha tena mpaka ibaki tarakimu moja. Hiyo ndiyo mizani ya namba.

Tuipime namba yetu. 8 na 0 na 5 na 3 na 0 na 6 na 3 na 6 na 8, jumla yake ni 39. 3 na 9 ni 12. 1 na 2 ni 3. Mizani yake ni 3. Sasa tuipime theluthi yake, 268,435,456. Jumla ya tarakimu zake ni 43, na 4 na 3 ni 7. Tumesema 3 mara 268,435,456 ni 805,306,368. Basi 3 mara 7 ni 21, na 2 na 1 ni 3. Mizani zimelingana.

Zisingelingana, tungejua kwa yakini kwamba tumekosea. Lakini zikilingana, haijawa yakini kwamba tumepatia. Mtu akizipindua tarakimu mbili za mwisho akaandika 805,306,386, mizani ni ile ile 3, na kosa limepita. Kwa hiyo mizani hukufichulia kosa, lakini haikupi ruhusa ya kulala. Al-Kashi naye hakuridhika na njia moja. Alihesabu umbo la ndani ya mduara, akahesabu na la nje, ili ukweli uwe umebanwa baina ya mawili.

JAWABU

Mwezi wa Shaaban mwaka 827 Hijria, yaani Julai 1424, kazi ilikamilika, akaiita al-Risala al-Muhitiyya, maana yake Risala ya Mzingo. Ndani yake alieleza mzingo ni mara ngapi ya nusukipenyo. Jawabu lake ni 6.2831853071795865. Ukiligawa nusu unapata ile namba inayoitwa pai, kwa tarakimu 16 baada ya nukta, zote sahihi.

Hakuna aliyeipita kazi hiyo mpaka mwaka 1596, pale Ludolph van Ceulen wa Uholanzi alipofikisha tarakimu 20. Ilikuwa imepita miaka 172. Mwaka 2022 kompyuta zilifikisha tarakimu trilioni 100, na tarakimu za al-Kashi zimo mwanzoni mwake kama alivyoziandika.

UFUNGUO WA HESABU

Al-Kashi hakuiweka elimu kwa ajili ya wakubwa peke yao. Mwaka 1427 alimaliza kitabu kikubwa kiitwacho Miftah al-Hisab, yaani Ufunguo wa Hesabu, chenye sehemu tano: namba kamili, sehemu, hesabu za wanafalaki, vipimo vya maumbo, na jabr. Alikiandika kwa ajili ya makarani, wafanyabiashara, wapima ardhi na wajenzi. Humo amewaeleza mafundi namna ya kupima matao, makuba, na yale mapambo ya ngazi ngazi yaitwayo muqarnas tunayoyaona katika mihirabu na milango ya misikiti ya nchi hizo.

Humo pia amefundisha desimali kwa utaratibu mzuri. Al-Uqlidisi alikwisha zitumia huko Damascus mwaka 952, lakini al-Kashi ndiye aliyezieneza katika aina zote za hesabu. Huko Ulaya kitabu cha Simon Stevin juu ya desimali kilitoka mwaka 1585.

Katika mifano ya kitabu hicho kuna namba 44,240,899,506,197, ambayo al-Kashi aliitafutia kipeuo cha tano. Jawabu ni 536, na ziada yake ni 21. Yaani 536 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara tano kisha ukaongeza 21, utaipata ile namba ya trilioni 44.

KUFARIKI KWAKE

Katika miaka hiyo Ulugh Beg alikuwa akijenga nje ya Samarkand jumba la kuangalia nyota, lenye upinde mkubwa wa kupimia ambao nusukipenyo chake kilikuwa kama mita 40. Al-Kashi alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa kwanza. Kazi iliyokuwa mkononi mwake ni kutafuta saini ya nyuzi moja, kwa kuwa juu yake ndiyo hujengwa majedwali yote ya falaki. Alibuni njia nzuri sana ya kulikaribia jawabu hatua kwa hatua.

Lakini ajali haingoji kazi iishe. Tarehe 19 Ramadhani 832 Hijria, sawa na tarehe 22 Juni 1429, al-Kashi alifariki nje ya Samarkand. Majedwali makubwa hakuyaona yakikamilika. Kazi iliendelezwa na Qadi Zada al-Rumi, naye akafariki kabla ya kuisha, ikamalizwa na Ali al-Qushji pamoja na Ulugh Beg mwenyewe. Kitabu kilipotoka kilikuwa na mahali pa nyota zaidi ya 1,000. Katika utangulizi wake Ulugh Beg alimtaja al-Kashi kwa wema.

Mwaka 1449 Ulugh Beg aliuawa kwa njama ya mwanawe mwenyewe, na lile jumba la nyota likaachwa likabomoka. Mabaki yake yalifukuliwa mwaka 1908. Jumba lilianguka, lakini hesabu zilizofanywa pale zilikuwa zimekwisha safiri katika vitabu. Mpaka leo nchini Ufaransa wanafunzi wa sekondari hufundishwa kanuni ya pembetatu inayoitwa kwa jina la al-Kashi.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, weka lengo kabla ya kuanza kazi. Al-Kashi alijua kosa gani atalikubali na lipi hatalikubali, ndipo akaanza.

Pili, hatua ndogo zikifuatana hufika mbali. Kutoka 3 hadi 805,306,368 ni hatua 28 tu za kuzidisha kwa mbili. Ndivyo hali ya mwenye kuhifadhi aya chache kila siku.

Tatu, jipime mwenyewe kabla hujapimwa na mwalimu. Katika Suratur-Rahman Mwenyezi Mungu (S.W.) ametaja mizani na kutukataza kuipunja. Mwanafunzi anayekabidhi daftari bila ya kurudia kazi yake ni kama muuza duka asiyejali mizani yake imekaa sawa au imekaa upande.

Nne, fanya kazi yenye manufaa hata kama hutaiona ikikamilika.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ni nani atakayegawa mirathi bila ya hesabu, akajua thumuni ya mjane na sudusi ya mama? Ni nani atakayetoa zaka kwa kiwango chake, au kujua nyakati za swala na upande wa Kibla? Kosa la tarakimu moja katika mirathi ni haki ya yatima iliyokwenda kwa asiyestahiki. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtoto akikosea hesabu usiseme si neno. Mwambie airudie, kwa upole, kama unavyomwambia airudie aya. Dini yetu imetufundisha itqan, yaani kuikamilisha kazi vizuri, wala haikuibagua kazi ya hesabu.

ZOEZI: Ipime kwa mizani ya tisa namba 44,240,899,506,197 kwa kutumia 536 na ile ziada ya 21. Je, mizani zinalingana? Mwonyesheni mwalimu wenu kazi yote, si jawabu peke yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu Ghiyath al-Din al-Kashi, awarehemu walimu wetu na wazazi wetu, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.